Uwanja Ulio Kati Yenu: Hotuba Kuhusu Mkuki kwa Wacheza Gemu wa Kisumu

Jumamosi iliyopita tulikutana hapa Kisumu, sisi tunaocheza gemu za mapigano ya silaha za kale, tukitoka Nakuru, Kakamega, Kericho na mitaa ya hapa mjini. Wenzetu wa upande wa Ahero walizuiwa na mvua. Wameniomba niwaandikie niliyoyasema, nami nayaweka hapa kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa picha zilizokuwa ukutani.

Ndugu zangu, dada zangu, hamjambo? Oimore! Wazazi wetu mlioketi mbele, nawasalimu kwa heshima. Najua baadhi yenu mmekuja kuona ni kitu gani kinachowakesha watoto wenu. Asanteni kwa kuja kuona kabla ya kukataza.

Naanza na ile bendera pale ukutani. Itazameni vizuri. Tumeipandisha shuleni kila Jumatatu na kila Ijumaa tangu tukiwa wadogo. Katikati yake kuna nini? Ngao. Na nyuma ya ngao? Mikuki miwili imepishana. Basi naomba mnijibu. Mbona kijana aliyekua chini ya bendera yenye mikuki, akifunguliwa ghala la silaha kwenye gemu, anaupita mkuki kama hauoni? Mbona anakimbilia upanga? Mbona anakimbilia shoka?

Nimewauliza wengi wenu, na jibu ni lile lile: mkuki ni dhaifu. Unachoma mara moja, jamaa anaingia, anakumaliza. Nimeambiwa hivyo Kondele, nimeambiwa hivyo Nakuru, nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu sana. Nami nasema mkuki haujawahi kuwa dhaifu. Tunaushika kama upanga mrefu, kisha tunaulaumu kwa kukataa kuwa upanga.

Kwa wazazi, nieleze kidogo. Hizi gemu ninazozitaja huwakutanisha watu wengi kwa wakati mmoja kupitia intaneti, na kila mtu anaongoza askari wake. Kuna Mount & Blade: Warband ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Uturuki. Kuna Mordhau ya 2019 na Chivalry 2 ya 2021, ambamo watu 64 wanaweza kuwa uwanjani pamoja. Kuna For Honor ya 2017, na Elden Ring ya 2022. Kila moja ina kanuni zake, na mtu asije akabeba ujanja wa moja akadhani utafanya kazi katika nyingine bila kuujaribu. Lakini mkuki una tabia zake, na tabia hizo utazikuta kote.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi pale Dunga. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, wakati wa likizo aliniketisha mbele ya mtumbwi akanipa pondo. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuhakikisha chombo hakigongi mawe wala mitumbwi mingine tunapoingia ufuoni. Siku ya kwanza niliona mtumbwi unatujia. Nikasubiri. Nikasubiri. Ulipofika karibu kabisa nikausukuma kwa nguvu zangu zote. Pondo ikanirudi kifuani, nikaanguka chali, mbao zikagongana. Mjomba hakunikemea. Alininyanyua, akaniambia, "Kijana wangu, pondo ni ndefu kwa sababu kazi yake iko mbali. Kitu kikishafika karibu, hapo umeshika kuni."

Umeshika kuni! Nilikaa na neno hilo zaidi ya miaka kumi kabla sijalielewa. Nililielewa katika saiba moja, duka la intaneti, hapa mjini, saa nne usiku, nikiwa nimeuawa mara kumi na saba mfululizo na mtu mmoja mwenye shoka. Mara kumi na saba, nilizihesabu. Kila mara nilikuwa namkimbilia. Nina silaha iliyo ndefu karibu mara mbili ya yake, nami namkimbilia! Nilikuwa nachukua uwanja ulio kati yetu, ambao ndio mali yangu pekee, nampelekea yeye bure.

Mwenye upanga anahitaji kukufikia. Mwenye shoka anahitaji kukufikia. Wewe mwenye mkuki umeshafika kabla hujasogea. Ardhi iliyo kati ya ncha yako na ncha yake ni yako peke yako. Ukiwa hapo unamchoma naye hakuchomi. Ardhi hiyo ni hatua moja, pengine hatua moja na nusu. Ni ndogo sana. Lakini vita vyako vyote ni kuilinda hatua hiyo. Ukiipoteza, umeshika nini?

(Ukumbi ulijibu: "Kuni!")

Umeshika kuni. Na Warband imeliandika jambo hili ndani ya hesabu zake. Ukimchoma mtu aliyekubana, pigo lako halijapata nafasi ya kukimbia, kwa hiyo linateleza au linamkwaruza tu. Mchome mtu yule yule akiwa mwisho wa ncha, wewe unapiga hatua mbele naye anakuja mbele, na pigo linakuwa zito zaidi, kwa sababu gemu inaihesabu kasi yako pamoja na yake. Kumbe na kurudi nyuma huku unachoma kunapunguza uzito wa pigo! Wangapi humu hurudi nyuma huku wakichoma? Naona mikono. Na mimi nilikuwa mmoja wenu.

Mtaniuliza, nitajuaje kwamba niko kwenye umbali wangu? Skrini haina rula. Nitawaambia nilivyojifunza, na ninawaomba mlifanye kabla ya kitu kingine chochote. Mwambie rafiki yako asimame bila kusogea. Mkaribie polepole huku ukichoma, choma, choma, mpaka ncha imguse kwa mara ya kwanza. Simama hapo. Sasa usiutazame mkuki, mtazame yeye. Kofia yake ina ukubwa gani kwenye skrini? Miguu yake inakata wapi? Ikariri picha hiyo kama unavyoukariri uso wa mtu. Kisha rudi nyuma, geuka, mjie kutoka upande mwingine, na useme kabla ya kuchoma: "Nimefika." Choma. Ulikuwa umefika kweli? Mimi nililifanya kwa wiki mbili, nusu saa kila siku, na siku ya kumi macho yalianza kujua kabla ya akili.

Kuhusu kurudi nyuma, gemu karibu zote za namna hii humfanya mtu atembee polepole zaidi kinyumenyume kuliko anavyokimbia mbele. Kwa hiyo ukirudi nyuma moja kwa moja, mwenye upanga atakufikia, hilo halina mjadala. Kata pembeni. Rudi kwa mshazari, mzunguke kama unavyolizunguka dimbwi, ili kila anapopiga hatua kukufuata alazimike kugeuka. Na ujue kilicho nyuma yako. Ukuta umewaua wengi wenye mikuki kuliko panga zilivyowaua.

Na akiingia? Ataingia, msijidanganye. Siku yoyote mtu mwepesi atakupita ncha. Hapo usiendelee kuchoma kwa hofu. Warband, Mordhau na Chivalry 2 zote zinakupa teke, nalo linampa pigo na kukununulia nafasi. Au ubebe silaha fupi kiunoni, uuache mkuki, uchomoe ile fupi, upigane kama watu wengine. Au upite: mkimbilie begani, umpite, mgeuke nyote wawili, na uwanja umerudi. Mimi napenda ya mwisho, lakini inahitaji moyo.

Sasa natoka kwenye umbali naingia kwenye shabaha.

Kuna mtu humu asiyemjua Luanda Magere? Wenzetu wa Nakuru mnisamehe kama mnamjua, wengine wavumilie. Magere alikuwa shujaa wa Waluo wa Kano, mwili wake jiwe. Maadui zake, ambao simulizi zetu zinawaita Lang'o, walimrushia mikuki ikapinda. Wakaona nguvu hazifai, wakampa binti yao awe mke wake. Siku moja Magere akaugua, akamwambia mkewe amchanje. Wembe haukuingia. Akamwambia, "Basi chanja kivuli changu." Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku akatoroka kwenda kwao. Katika vita vilivyofuata mtu mmoja hakulenga kifua. Alilenga kivuli. Magere akaanguka, akawa jiwe, na jiwe hilo linaonyeshwa hadi leo karibu na mto Nyando. Inasemekana wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao juu yake kabla ya kwenda porini.

Nawauliza: mikuki mingapi ilipotea kwenye kifua cha Magere kabla mmoja haujapata kivuli? Na wewe jana usiku ulichoma ngao mara ngapi?

Upanga unafagia. Ukikosea kidogo bado utamkwangua mtu. Mkuki ni mstari. Ukikosa, umekosa kabisa, na katika Mordhau pigo la hewani linakula pumzi yako. Pumzi ikiisha halafu ukakinga, silaha inakutoka mkononi. Kwa hiyo usichome mtu. Choma mahali. Mordhau inagawa mavazi ya chuma katika sehemu tatu, kichwa, kifua na miguu, na wengi wanaotaka mbio hupunguza chuma cha miguuni. Mtazame mtu anapokuja. Kofia nzito, kifua kinang'aa, na chini je? Kama chini kuna suruali tu, kivuli chake kiko hapo.

Kivuli kingine ni wakati. Kila mtu, hata awe hodari vipi, ana kitambo ambapo hawezi kukinga: pale alipokwisha kuanza pigo lake. Mikono imepanda, hawezi kuirudisha. Elden Ring inalilipa jambo hili waziwazi, kwani ukimchoma mtu kwa mkuki akiwa katikati ya pigo lake, anaumia zaidi. Na humo humo unaweza kuchoma huku ngao yako ikiwa juu. Wanaowaita wanaopigana hivyo waoga wanakosea. Askari wa kale walisimama nyuma ya ngao na kuchoma kwa karne nyingi, na hakuna aliyewaita waoga usoni.

Na kuna kivuli cha tatu, ambacho kinatuhusu sisi wa Kisumu kuliko watu wa London. Ni intaneti.

Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo gemu za namna hii zilikuwa ndoto kwetu. Lakini mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde. Hiyo ina maana kila kilomita 1,000 zinakula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi, na huko hakuna fundi atakayepunguza. Seva nyingi tunazochezea ziko Ulaya. Hesabu kutoka hapa hadi Mombasa, ufuate bahari hadi Ulaya, kisha uongeze vituo vyote vya njiani. Pingi yangu mimi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, hucheza kati ya milisekunde 160 na 190. Na jicho la mwanadamu linahitaji kama robo ya sekunde kuona kitu na kukijibu kwa kidole. Jumlisha.

Maana yake ni nini? Unapoona shoka linapanda kwenye skrini yako, limeshapanda kitambo. Yule unayemwona ni kivuli cha alipokuwa. Nimewaona vijana wenye vipaji wakilia kwa hasira, wakitupa pedi, wakisema hawawezi. Mwanangu, unaweza! Lakini usingoje silaha yake. Ukingoja shoka, umechelewa kabla hujaanza. Itazame miguu. Mwenye shoka lazima apige hatua ya kuingia kabla shoka halijawa na maana, na mkuki ndio silaha inayoadhibu hatua. Mwenye upanga akicheza na pingi yetu lazima akinge mapigo asiyoyaona. Mwenye mkuki anapigana nje kidogo ya mapigo hayo, na ile hatua moja na nusu inakuwa pia muda. Ndiyo maana naamini, na nitaendelea kuamini, kwamba kwa mtu anayecheza akiwa Kisumu mkuki ni silaha ya akili. Mbali ni kuzuri kwetu. Tumezoea kuwa mbali.

Kuhusu chenga nitasema machache, kwa sababu wengi wenu mnazijua kupita kiasi. Anza choma, ulikatishe, yeye akinge hewa, ndipo uchome. Inafanya kazi. Lakini kila chenga inakula pumzi, na mkuki una chenga iliyo bora na isiyokula kitu: kutochoma. Simama na ncha usoni pake. Usifanye lolote. Sekunde mbili, tatu. Mtu mwenye shoka hawezi kuvumilia ncha iliyosimama. Atakuja mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu.

Kuna dada mmoja kutoka Nakuru, yumo humu ukumbini na amenikataza kumtaja, kwa hiyo simtaji. Mwaka jana tulikuwa watano upande mmoja kwenye Warband, yeye peke yake ana mkuki, sisi wanne tuna panga na mashoka. Tulikuwa tukimcheka, naomba radhi mbele yenu nyote. Uwanja ulikuwa wazi, na wapinzani walikuwa na wapanda farasi watatu. Farasi wa kwanza alitupitia kama upepo, wawili wetu wakalala. Wa pili akageuka aje. Yule dada akatoka mbele yetu, akasimama. Hakuinua sauti kwenye maikrofoni, alisema tu, "Kaeni nyuma yangu, msisogee." Farasi akaja mbio. Akangoja. Sisi tunapiga kelele, "Choma! Choma!" Akangoja. Kisha choma moja, ya uso kwa uso. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, mpanda farasi yuko juu hana pa kwenda, na sisi tukammaliza kwa panga zetu tulizokuwa tukijivunia.

Mmeona? Farasi alileta kasi mwenyewe. Gemu ile inajumlisha mbio za farasi kwenye pigo lako. Kadiri anavyokuja kwa nguvu ndivyo anavyojichoma kwa nguvu. Upanga hauwezi kumfanyia farasi hivyo.

Lakini nataka mtazame tulikosimama sisi. Tulikuwa nyuma yake, na wakati wa kumaliza tulikuwa pembeni yake. Mkuki peke yake ni silaha ya mtu mvumilivu. Mkuki wenye jirani ni ukuta. Katika Chivalry 2 na Mordhau silaha yako inamwumiza hata mwenzako, na mmeona nini kinatokea watu wanne wenye panga wakijazana mlangoni: wanakatana wenyewe kwa wenyewe, kisha wanagombana kwenye maikrofoni. Mkuki unapita katikati ya mabega ya watu wawili bila kumgusa yeyote. Mlango mwembamba, ngazi, daraja, hapo mwenye mkuki akae safu ya pili, nyuma ya mwenye ngao. Adui anapigana na ngao, anasahau kwamba nyuma ya ngao hiyo kuna ncha.

Na ngao ya adui je? Iache. Usiichome ngao, usiichome, nasema tena usiichome. Katika Warband shoka ndilo linalovunja ngao kwa haraka. Mwenye shoka wenu ashughulike na ngao, na wewe ngoja pembeni. Ngao ikigeuka kumtazama mwenye shoka, ubavu umefunguka. Kazi ya kuufungua si yako. Ni ya mwenzako. Mtu asiyependa kumtegemea mwenzake asiubebe mkuki, atahuzunika bure.

Yupo pia yule anayecheka akichoma, akichomwa anatukana na kuzima mashine. Wazee wetu walimwona zamani: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hatumtaki kwenye safu. Akichomwa vizuri, amwambie aliyemchoma, "Umenipata," na arudi.

Nina la kuwaonya, halafu tutaingia kwenye mashine.

Mnakikumbuka kisa cha Podho na Aruwa? Ndugu wawili. Ndovu aliingia shambani, mmoja akanyakua mkuki wa karibu, ambao ulikuwa wa nduguye, akaurusha. Ukamwingia ndovu, ndovu akatokomea nao. Nduguye akasema, "Nataka mkuki wangu. Ule ule." Mwingine haufai, kumi haifai. Akalazimika kuufuata porini hadi nchi ya ndovu. Aliurudisha, lakini udugu ulikuwa umevunjika, na mwisho watu wale wakatengana. Nilikuwa nikikisikiliza kisa hicho nikiwa mtoto na kujiuliza, mkuki mmoja tu? Leo siulizi.

Mordhau na Chivalry 2 zinakuruhusu kurusha silaha yoyote uliyo nayo mkononi. Na jaribu lake ni kubwa. Adui anakimbia, amebakiza damu kidogo, yuko hatua kumi. Rusha! Miezi sita iliyopita tulikuwa tumebaki wawili kwa wawili, raundi ya mwisho, na mmoja wao alikuwa anakimbia. Nikarusha. Ukampita sikioni. Nikageuka nikamkuta mwenzake amesimama na panga, na mikononi mwangu sina kitu. Mwenzangu niliyekuwa nikimlinda akawa peke yake dhidi ya wawili. Tulishindwa. Hakuniambia neno lolote usiku ule, na kimya chake ninakisikia mpaka leo. Mkuki niliourusha haukuwa wangu peke yangu. Ulikuwa ule uwanja aliousimamia yeye. Kama unataka kurusha, beba mikuki ya kurusha, ipo. Ule wa mkononi usiuachie.

Mwisho, mtajifunzaje bila mwalimu? Tokeni nje mtazame ile milima ya Nandi. Kule alizaliwa Julius Yego. Hakukuwa na kocha wa kumfundisha kurusha mkuki katika nchi ya wakimbiaji, akaenda saiba, akatazama video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen, akarudi uwanjani kujaribu. Mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Saiba, ndugu zangu! Viti vile vile mnavyokalia ninyi.

Kwa hiyo rekodini mapigano yenu. Msirekodi mliyoshinda peke yake. Chukua pigano ulilokufa, lipeleke polepole, lisimamishe pale ulipopigwa, kisha rudisha nyuma sekunde tatu. Utakuta hatua. Kuna hatua moja uliyopiga mbele ukiwa huna haja nayo. Iandike kwenye daftari. Mimi daftari langu la kwanza lina kurasa arobaini, na kurasa thelathini na zaidi zinasema kitu kimoja: nilimkimbilia.

Sasa mashine zimewashwa. Zimeunganishwa humu humu ndani, kwa hiyo leo hakuna kisingizio cha Ulaya. Kaeni wawili wawili, mmoja mkuki, mmoja shoka, na wazazi mnaotaka kujaribu viti vyenu viko upande wa dirishani, vijana wawapishe. Mwenye shoka ajitahidi kabisa kumfikia mwenzake. Mwenye mkuki, kwa dakika tano za kwanza, haruhusiwi kuchoma hata mara moja. Anatembea tu, ncha ikiwa mbele, akiilinda ile hatua moja na nusu. Nitapiga filimbi mimi.